Unga wa Kijapani na Jagi la Susi

Wewe unayesumbuliwa na mgongo, sogea karibu nikueleze taratibu. Jambo lenyewe si gumu.

Mdogo wangu anafanya kazi za ndani Al-Safa, Jeddah, kwa bosi na mkewe, ambaye humwita madam. Mimi ni mfamasia Riyadh. Misuli ya mgongo ilikuwa ikimkaza kwa muda mrefu, na mawazo ya ikama, kibali cha kuishi huku, yakamzidishia. Bosi wake, mwenye maumivu kama hayo, alirudi kutoka Japani na maboksi ya kampo, dawa za mitishamba za huko: mizizi na magome yaliyochemshwa, maji yake yakakaushwa kuwa unga na kutiwa kwenye vipakiti. Akamgawia. Zikamsaidia kweli. Utani ukamrudia kwenye simu.

Ramadhani ikaingia. Alasiri moja akanipigia.

"Dada, sufuria imenitoka mkononi. Miguu imevimba, na moyo unaruka ruka."

"Madam anasemaje?"

"Eti saumu imenishinda. Nikifuturu nitapona."

Nikamwomba picha ya karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Simu ilitafsiri kwa tabu, lakini neno moja likatoka wazi: susi. Huo ni mzizi mtamu, na Wajapani huutia katika dawa zao nyingi. Kidogo hauna neno. Ukizidi, hupunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua misuli hulegea, moyo ukiwamo.

"Futari unakunywa nini?"

"Si sharubati ya susi? Naitengeneza mwenyewe kila siku. Wakiondoka mezani, jagi ni langu. Ndiyo naishushia dawa, maana chungu ile."

Kumbe susi ilikuwa ikimwingia kwa njia mbili.

"Nipe madam."

Akaniweka spika, nikamweleza habari ya dawa. Madam hakuwa mkali, alikuwa na haraka tu. "Wageni wako njiani. Tukishafuturu, inshallah."

"Madam, moyo wake hauwezi kungoja wageni."

"Wewe ni dada yake, lazima useme hivyo."

Nyuma yake nikasikia sauti ya bosi: "Kuna nini kwenye dawa?"

Akachukua simu. Nikaeleza upya, polepole, huku kila dakika ikiniuma. Nikamwambia susi imo mle.

"Mimi nakunywa hiyo hiyo," akasema. "Na susi sikosi hata siku moja."

"Miguu imevimba, baba? Soksi zinakubana?"

Nilimsikia akisema, "Yalla, twende, gari. Mimi na yeye, wote wawili hospitali."

Adhana ya magharibi ikapita. Nilipiga, simu haikupokelewa. Nikapiga tena. Tende ilibaki mkononi.

Hatimaye mdogo wangu akapiga mwenyewe. "Nimetundikiwa dripu. Potasiamu imeshuka vibaya, daktari kasema tumewahi. Bosi yuko nyuma ya pazia. Yake imeshuka kidogo tu, lakini anavyolalamika, utadhani kajifungua."

Akacheka. Mimi nikaitia ile tende mdomoni.

Kampo si sumu, na usikubali kuishi na maumivu ukidhani hayana dawa. Ila kabla hujafungua kipakiti kingine, tia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za mitishamba, mpelekee mfamasia, na umwambie unazinywa na nini.