Sifuri ya Mkata Vitambaa

Kwa miaka ishirini na miwili mama mmoja alisimama kwenye meza ile ile ya kukatia, katika kiwanda kinachoshona makoti ya wauguzi, na wenzake wakamwita Bubu. Hakuwa bubu. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi, ila akishika kitambaa alinyamaza, nje na ndani. Shangazi yake aliyemfunza kazi alimkataza chaki: tandaza, tazama mpaka uone koti lilivyolala humo, halafu kata. Naye aliliona kweli, mikono, kola na mifuko, kila kipande mahali pake, bila neno hata moja kupita kichwani.

Kisha chuo kikuu kikamtuma mtafiti.

Alikuwa dada mpole mwenye miwani, aliyekuja kuchunguza maneno ambayo watu hujisemea kimoyomoyo wakiwa kazini. Kila mkataji alifungwa kidude kiunoni. Kikilia, nacho kililia kilipojisikia, unaweka mkasi chini, unachukua fomu, unajibu: "Kabla ya mlio ulikuwa unajiambia nini?" Chini yake, mistari mitatu. Siku nne, milio kumi kwa siku. Bubu aliulizwa mara arobaini, akajibu mara arobaini: "Sikujiambia kitu."

Ukweli wake ndio uliomponza. Wiki tatu baadaye msimamizi wa kiwanda aliibandika ripoti ubaoni, jirani na tangazo la kukataza vikombe vichafu. Fikra za maneno: Kasuku, mkataji wa meza ya pili, thelathini na tisa kwa arobaini. Bubu, sifuri.

Msimamizi alikuwa amesoma mwanzo wa ripoti na mwisho wake, katikati akamwachia Mungu. Akamwita Bubu ofisini.

"Mama, sina ubaya na wewe. Lakini meza ya kukatia inataka mtu anayefikiri."

"Na mimi pale nafanya nini, bosi? Nasinzia?"

"Sayansi imesema sifuri."

"Sayansi imeniuliza nilijiambia nini. Haikuniuliza nilikuwa nafanya nini."

"Kuanzia kesho uko kwenye kushona vifungo. Meza anachukua Kasuku."

Nyumbani, mumewe, fundi redio mstaafu anayejisemea tangu anapoamka hadi anapokoroma, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo miaka yote hii nikikuuliza unawaza nini, ukisema 'si kitu', kumbe ulikuwa husemi uongo?"

"Wewe unajisemea kutwa nzima, na leo umezunguka mtaa mzima na kiatu cheusi na cha kahawia. Nani kati yetu ana sifuri?"

Mzee akatazama miguu yake. Akavua viatu vyote viwili.

Asubuhi Bubu hakwenda kwenye vifungo. Alikwenda chuoni na sare yake ya kazi, akamkuta mtafiti nyuma ya rundo la karatasi.

"Binti yangu, nimefuata akili yangu. Nasikia iko huku."

Mtafiti akavua miwani. "Mama, hatukusema huna akili. Tulipima maneno tu. Wapo wanaowaza kwa picha, wapo wanaowaza bila neno wala picha. Hilo linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

"Na sisi."

"Na fomu inalijua?"

Dada yule akaona haya. "Mwanzoni ilikuwa na kisanduku cha picha, na kingine cha 'vinginevyo'. Tukavitoa ili itoshe ukurasa mmoja."

Miaka ishirini na miwili ya makoti, na ameng'olewa mezani kwa uhaba wa karatasi.

"Basi mwandikie bosi wangu hivyo hivyo."

"Itabidi ipite kwenye kamati, mama. Inakaa mwezi wa tisa."

"Na mimi nikae kwenye vifungo mpaka wakae?"

Mtafiti akazichomoa fomu zile arobaini kwenye rundo, akampa. "Hizi ni zako," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hazitoshi.

Bubu alirudi kiwandani na kukuta cherehani zimenyamaza. Kasuku alikuwa amekata mikono ya makoti asubuhi nzima, akasahau kugeuza karatasi ya kipimo. Mikono mia na ishirini, yote ya kushoto. Msimamizi alikuwa ameshika mmoja, anaupindua na kuupindua, kama vile ungebadili msimamo.

"Nilijiambia kila hatua, bosi," Kasuku alisema. "Nilijiambia vizuri kabisa."

Msimamizi akamwona Bubu. "Mama, rudi mezani. Yaishe."

"Hayajaisha. Ubaoni bado mimi ni sifuri."

"Ile ni ripoti ya chuo. Siwezi kuigusa."

"Wakati wa kunitoa uliigusa bila shida."

Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la msimamizi, akakaa, na chini ya kila "Sikujiambia kitu" akaandika: "Nilikuwa naliona koti." Mara arobaini, bila haraka, kiwanda kizima kikimsubiri. Kisha akazibandika zote ubaoni juu ya ripoti, mpaka sifuri ikafunikwa, na tangazo la vikombe pia.

Ndipo akasogea mezani. Akatandaza kitambaa kipya, akaweka kando yake mkono mmoja wa kushoto, akatazama, akiutafuta wa kulia. Akaendelea kutazama. Msimamizi akafungua mdomo amuulize anawaza nini, akaona mkasi umeinuliwa, akafunga mdomo.