Njiwa wa Vinara vya Fedha

Donatienne alikulia Uvira, ambako sufuria nyeusi ilikuwa aibu ya mwanamke. Mama yake alimfundisha kusugua kwa mchanga na majivu mpaka ujione. Mkono huo ndio aliokuja nao Toronto, akapata kazi ya kumtunza Bibi Noorbanu, mjane mzaliwa wa Mwanza, ghorofani Thorncliffe Park.

Bibi haoni. Kabatini ana vinara viwili vya kale vya fedha, vya Kifaransa, alivyonunua marehemu mumewe, Nizar, kwa Wafaransa waliokuwa wakihama Bujumbura. Kila sikukuu ya Navroz, mwaka mpya wao, huviomba, akavipapasa kutoka chini kwenda juu: kombe za pwani kwenye kitako, majani yenye meno, utepe uliofungwa fundo, na juu, njiwa wawili waliochorwa kwa ncha nyembamba, midomo imegusana.

"Huyu mimi," alimwambia Donatienne mwaka wa kwanza. "Huyu mnene, Nizar."

Donatienne aliona weusi tu kwenye mikunjo. Mwaka mzima, kila wiki, aliusugua kwa waya wa masufuria, akifurahia mng'ao.

Navroz iliyofuata vidole vya Bibi vilisimama, vikashuka, vikapanda tena.

"Mama Gaël," akamwita Donatienne kwa jina la mwanawe, "njiwa siwapati."

Donatienne akatazama. Palikuwa laini kama yai.

"Basi ni kisukari," Bibi akasema. "Macho kilishachukua. Sasa vidole."

Tangu hapo akaacha hata tasbihi. "Mkono wa mbao utavuta nini?" Donatienne alimlisha kwa kijiko, kimya, akiogopa kufukuzwa. Jumapili kanisani wenzake walikwenda mbele kushiriki komunyo. Yeye alibaki kwenye benchi.

Kesho yake alikitwaa kinara, akakipindua, akauvuta mkono wa Bibi chini ya kisahani cha kudakia nta.

"Gusa hapa, Mama."

Vidole vikatambaa. "Waridi… na kikonyo chake. Mbona hili nalisikia?"

"Waya wangu haukufika hapo. Njiwa niliwamaliza mimi kwa kusugua. Vidole vyako ni vizima. Pardon, Mama."

Bibi alikunja na kukunjua vidole, mara nyingi.

"Na ulikuwa unanilisha uji kama mtoto, huku unajua?"

"Ndiyo, Mama."

"Nipe tasbihi yangu."

Alipewa. Akaanza kuivuta, uso kaugeuzia dirishani. Donatienne alibaki amesimama na kinara, kidole gumba kikiwa pale Nizar alipokuwa mnene.