Kibaba cha Mfuto

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa yaliyopita si ndwele. Bendera yetu ilikuwa ingali mpya nilipopelekwa Kwale kusomea uendeshaji wa biashara. Wanaushirika wa Msambweni walikuwa wakiningoja: nikifaulu, nisimamie duka lao, nikianguka, apewe mwengine.

Mwalimu alitoka bara. Alikuwa mwenzetu, si Mzungu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana kitabu chake kilikuwa cha Mzungu na alikishika kama msahafu. Siku moja alituambia kinachowamaliza wauzaji wa pwani ni nyongeza, kile kiganja cha mwisho anachotiliwa mnunuzi baada ya kupimiwa.

"Haba na haba hujaza kibaba," akasema. "Nyinyi mnamwaga mali!"

Nikasimama. Nikamwambia nyongeza si hasara. Ndiyo inayomwambia mtu kuwa yeye ni wetu, na kesho arudi. Wenzangu wakapiga makofi, naye akaudhika. Akasema twende sokoni tukaone nani mkweli, na huko huko ataamua kama nastahili cheti.

Mama yangu aliuza mchele soko la Msambweni, na huko ndiko tulikokwenda. Mwalimu, bila hata shikamoo, alimwambia mbele za watu kuwa anajifilisi kwa ujinga wake. Mama akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwuliza kwa upole, "Basi mwanangu, wewe nikupimie vipi?"

"Kipimo tu, mama. Usizidishe hata punje."

Mama akajaza kibaba, akakipangusa juu kwa mkono, kikawa mfuto, akammiminia katika mfuko wa karatasi. Wauzaji wa karibu wakaacha kupima. Kwetu humpimii mtu mfuto ila umemkataa: huna haja naye, na asirudi tena.

Mwalimu akamshukuru, akatugeukia, uso umemnawiri. "Mmeona? Hata mama huyu amefahamu!"

Nikawatazama wenzangu, wapwani kama mimi, wana wa Waa na Funzi, ambao walijua vyema walichokiona. Kila mmoja alikuwa na cheti chake cha kukilinda. Wakatazama chini, makofi yao yameishia darasani. Mimi cheti sikupewa, na duka akapewa mwengine.

Jioni ya siku ile ya sokoni mama aliniuliza, "Kwani yule hakujua kuwa nimemtukana?"

"Hakujua, mama. Alishukuru."