Sifa Nilizompelekea Mwalimu

Mtu aliyeniacha kando ya barabara mwezi wa Januari bado yuko hai, ana afya njema, na kila nikisikia hivyo hujikuta nimekunja uso. Nitamwita Mhandisi, kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa, hata na wale waliomfuta kamasi alipokuwa mtoto.

Kwao na kwetu ni usharika mmoja, huko Njombe. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Baba yangu alifundishwa kusoma na yeye. Nilipopata nafasi ya kusoma Minneapolis, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mhandisi alikuwa amekwisha kumaliza chuo huko na kupata kazi nzuri. Alipiga simu ofisi ya usharika, wazazi wangu wakaitwa, nami nikasimama nyuma yao. Alisema nisijisumbue kuomba bweni. Bweni la nini na yeye yupo? Ana nyumba ya vyumba viwili, kimoja hakilali mtu. Mama alilia kwa furaha pale pale mbele ya katibu wa usharika, na mimi sikuomba bweni.

Alinipokea uwanja wa ndege, hilo sitamnyima. Alinipeleka kwake Plymouth, akanionyesha friji, akanionyesha jiko linalopasha chakula bila moto, akanionyesha hicho chumba kisicholala mtu. Nililala humo usiku mbili. Asubuhi iliyofuata akaniambia nivae, ananipeleka chuoni kujiandikisha. Tulipofika akafungua buti la gari, na humo nikaliona sanduku langu. Alilitoa, akaliweka chini kwenye theluji.

"Mdogo wangu," akasema, "huku siyo Njombe. Huku kila mtu anajitegemea. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ile pale, watakusaidia. Kwangu kuna rafiki anakuja wiki hii."

Akaingia garini. Aliwasha indiketa kwa adabu kabla ya kuingia barabarani, akaenda zake. Nilikuwa nimelelewa kutowajibu wakubwa, na hadi leo najilaumu kwamba sikuokota hata bonge la barafu nikalivurumisha kwenye kioo chake.

Mama wa ofisini alinisikiliza kwa huruma kubwa. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa hadi muhula wa Septemba. Aliniuliza kwa nini sikuomba mapema. Akanipa ramani ya mabasi na kunitakia siku njema. Watu wa kule wana upole wa namna yake, unajikuta uko nje ya mlango na hakuna aliyekusukuma.

Sisi wa Njombe tunajidai tunaijua baridi. Tunasimulia umande wa Juni unaoganda na kuunguza viazi shambani, tunawacheka watu wa Dar es Salaam wanaovaa makoti kwa mvua tu. Baridi ya Minneapolis ilinikomesha. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinashikana. Nilivaa suti ya harusi ya kaka yangu na sweta aliyonifumia Mama, na suti ile ilikuwa kama karatasi. Mchana nilijibanza maktaba. Usiku nililala kwenye jengo moja la wapangaji karibu na chuo, ambalo mlango wake ulikuwa haufungi sawasawa kwa sababu ya barafu iliyoganda kizingitini. Chini kulikuwa na chumba cha kufulia. Nililala nyuma ya mashine za kukaushia nguo, sakafuni, sanduku likiwa mto. Mtu akija kufua nilikaa wima na kujifanya nangoja nguo zangu.

Aliyenikamata ni dada mmoja Mkenya, mtu mzima kuliko mimi, aliyekuwa akitunza wazee kwenye nyumba moja huko Anoka. Aliteremka asubuhi kufua sare zake, akanikuta. Alivyorudi kuzitoa akanikuta bado. Kesho yake tena. Aliponiuliza kwa Kiingereza nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nangoja nguo, kisha nikajisemea kwa Kiswahili kwamba heri nife.

"Ati ufe?" akasema. "Wewe ni wa kwetu?"

"Natoka Tanzania, dada."

"Na nguo zako ziko machine gani?"

"Sina nguo humu."

Akaniangalia, akaangalia sanduku, akaangalia zile mashine zote tupu.

"Sawa. Beba hiyo suitcase twende juu. Nina shift na lazima ni-drive mpaka Anoka, lakini kwanza utakula. Halafu utaniambia ni msee gani wa kwenu amekuacha hivi."

Nilimwambia. Alikaa na wenzake wawili, nao wakanipa sebule hadi Septemba. Nililala kwenye zulia nyuma ya kochi, nikasoma mezani kwao, nikala ugali wao. Kama nilimaliza muhula ule bila kufukuzwa chuo, ni wale dada watatu. Ila hadithi hii siyo ya shukrani.

Nyumbani sikusema kitu. Simu ilikuwa ya dakika chache, katibu wa usharika amekaa pale anasikiliza, na Mama swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: umemshukuru kaka yako Mhandisi? Nilijibu ndiyo, Mama. Niliogopa akijua ataugua. Nilifikiri nitamweleza vizuri siku moja, ana kwa ana, tumekaa jikoni.

Mhandisi akaniwahi. Kiangazi kile alikwenda likizo. Kwetu, mtu akitoka ng'ambo hupita nyumba kwa nyumba kuwapa wazazi habari za watoto wao waliobaki huko, na anachosema yeye ndicho kinachokuwa kweli, kwa sababu hakuna mwingine aliyeona. Alikaa sebuleni kwetu. Wazazi wangu walimchinjia mbuzi. Aliwaambia alinilea kama mdogo wake wa tumbo moja, akanilisha, akanivisha, kisha nikaota mapembe, nikahama bila kuaga, na sasa naishi na wanawake. Mama akamfungia mzigo: asali, ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, wa kuonja tu, na kitenge cha mchumba wake. Akamwomba radhi kwa niaba yangu.

Nilipopiga simu, sauti ya Mama ilikuwa imebadilika.

"Umetuaibisha," akasema.

"Mama, sikukaa kwake. Aliniacha njiani."

"Usiongezee uongo juu ya ufedhuli. Mtoto wa Mwalimu mimi namjua tangu anatambaa."

Na mimi je, hakunijua tangu natambaa? Nilikata simu, nikarudi kuosha masufuria kwenye bwalo la chuo nilikokuwa nikifanya kibarua, na pale kwenye mvuke nikala kiapo. Sikutaka Mhandisi apigwe. Nilitaka Mama asikie ukweli, na nilitaka ausikie kutoka kwa kinywa kile kile kilichomdanganya.

Kisasi kile nilikilea. Tulipokutana kwenye mikusanyiko ya Watanzania nilimwamkia, yeye akiitikia marahaba kwa sauti ya kutosha kusikika meza ya pili. Nikamletea sahani. Watu wakanisifu kwamba sina kinyongo. Nilikuwa nacho cha kuwatosha wote waliokuwemo ukumbini na kikabaki.

Baada ya miaka kadhaa nikapata safari ya kwenda nyumbani kukusanya habari za utafiti wangu. Mhandisi hakuweza kwenda mwaka ule. Kwa hiyo mtoa habari nilikuwa mimi.

Nilipofika kwa Mwalimu nikakuta ukoo mzima umekaa. Wajomba, mashangazi, dada zake Mhandisi na watoto wao waliomaliza sekondari. Nikaletewa chai na viazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Haya, tupe habari za kaka yako. Nasikia mliachana vibaya."

Walitarajia nijitetee, au nimchongee. Nikaweka kikombe chini.

"Mwalimu, kosa lilikuwa langu," nikasema. "Mwanao hana mfano kule tunakoishi. Nyumba yake ni kama hosteli ya usharika. Wageni wakifika, wao kwanza, yeye baadaye. Lakini kuna jambo linamnyima raha."

"Jambo gani?" akauliza mama yake.

"Chumba cha pili. Tangu mimi nihame hakilali mtu, na moyo wake umezoea watu. Kila siku ananiambia, ndugu zangu wamenisahau, hakuna anayekuja. Anasema yeyote katika ukoo anayepata nafasi ya chuo asijisumbue kuomba bweni. Bweni la nini na yeye yupo?"

Nikaona dada yake mmoja anamtazama binti yake. Nikaona mjomba anakaa vizuri.

"Ila mnamfahamu alivyo," nikaendelea, na hapa ndipo nilipoweka msumari. "Ni mnyenyekevu mno. Mkimpigia simu kumwambia mtu anakuja, atasema nyumba ni ndogo, kazi ni nyingi, huku kila mtu anajitegemea. Msimsikilize. Anaogopa tu kuonekana anajisifu."

Mwalimu alifuta machozi kwa kitambaa. Akasimama, akaniombea. Nimewahi kuvalishwa kilemba cha ukoka na watu wengi, lakini sijawahi kukiona kilichomkaa mtu vizuri kama kile nilichomvalisha mwanae siku ile akiwa hayupo. Nilitembea kurudi nyumbani nikicheka peke yangu hadi wapita njia wakanishangaa.

Mtu atauliza kama sikuwaonea huruma hao ambao wangefika na kutupwa kama mimi. Nilipiga hesabu hiyo mapema. Mimi aliweza kunitupa kwa sababu nilikuwa mtoto wa jirani. Binti wa dada yake asingemtupa. Habari ingefika Njombe kabla hajafunga buti.

Septemba ikaja, na binti wa dada yake akaja nayo, kusomea uuguzi. Akapewa chumba cha pili. Muhula uliofuata akafika mtoto wa shangazi, akalala sebuleni, kijana wa kula sana. Kisha akaja mjomba kutazamwa macho. Macho yakatazamwa, yakaonekana mazima, na mjomba akaona hakuna haraka ya kurudi. Yule mchumba wa Mhandisi, ambaye ndiye rafiki aliyekuwa anakuja wiki ile niliyotupwa, alisema hawezi kuishi na kijiji, akaondoka. Nilizipata habari hizi moja baada ya nyingine, na kila moja niliikalia kwa muda, nikiifurahia taratibu.

Kiangazi Watanzania tulikutana kwenye bustani moja huko Inver Grove Heights kuchoma nyama. Mhandisi alifika na gari limejaa. Alikuwa amekonda. Alimkatia mjomba nyama vipande vidogo, akamtafutia kiti kivulini, kisha akanivuta pembeni karibu na magari.

"Uliwaambia nini nyumbani?"

"Niliwaambia ulivyo mkarimu."

"Usinifanye mtoto. Juzi Baba amepiga simu. Yeye na Mama wanafunga safari. Hawajui watarudi lini. Nimemwambia nyumba ndogo, anacheka tu, anasema ameshaambiwa nitasema hivyo." Akashika bega langu. "Wewe wanakuamini. Wapigie, waambie mimi sina nafasi."

"Hawatakubali. Wanajua ulinilea mimi kama mdogo wako wa tumbo moja."

Akaondoa mkono begani kwangu.

"Mpigie wewe," nikamwambia. "Mwambie ulinilaza usiku mbili ukaniweka kwenye theluji. Mwambie aende kwa mama yangu amweleze. Akijua wewe si mtu wa kupokea wageni, hatakuja."

"Unataka kunimaliza."

"Sijakugusa, kaka."

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yamejaa maji, na nakiri kwamba niliyatazama yale maji vizuri ili nisije nikayasahau. Kisha nikarudi kwenye nyama.

Alijikaza wiki chache. Kisha wazazi wake wakapata viza, na akampigia Mwalimu simu.

Jumamosi moja asubuhi nilinunua kadi ya simu nikapiga ofisi ya usharika, kama kawaida. Mama alikuwa ameshafika, ananisubiri. Hakuniuliza kama nimemshukuru mtu.

"Mwalimu alikuja jana na ndugu zake," akasema. "Nikampa kiti, akakikataa, akakaa chini kwenye mkeka. Mtu mzima yule. Amesema mwanae hakukaa na wewe. Amesema tulidanganywa, na ameomba radhi."

Niliisubiri siku hiyo kwa miaka. Nilidhani nitaruka.

"Wewe uliniambia," akasema Mama. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Uliniambia, nikakuita mwongo. Basi mwanangu, baridi yote ile, ulilala wapi?"

Ningeweza kumwambia nililala mahali pazuri. Ningeweza kuanza na wale dada, na zulia, na ugali, akatua moyo. Nilianza na chumba cha kufulia. Nilimwambia juu ya sakafu, na suti ya kaka, na jinsi nilivyokuwa najifanya nangoja nguo. Nilimweleza usiku mmoja baada ya mwingine, polepole, hadi nikamsikia analia, na bado sikuacha, kwa sababu yule niliyemkasirikia miaka yote ile hakuwa Mhandisi peke yake.