Mate ya Kogo

Jumapili iliyopita nilirudi Kimulot, na kanisani wakasoma ile zaburi ya mtu anayewindwa na watu ambao hajawakosea lolote. Wacha tu! Hiyo ilikuwa zaburi ya nyanya yangu, Kogo. Aliisema kila asubuhi akisugua vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, jikoni kukinuka moshi na maziwa lala, nje majani chai yamelowa umande. Mimi nilikuwa nakunywa chai haraka haraka huku nikisikiliza kama kuna mtu anakuja kwa lango.

Kwa sababu walisema Kogo ana jicho. Eti akiangalia kitu kizuri, mtoto mnono au ng'ombe wa maziwa, kinadhoofika, na jicho lenyewe hurithiwa. Nani alianza hiyo maneno? Hatukujua. Tuliona tu wanawake wa maombi wameacha kupitia kwetu, na kule kwa kituo cha kupima majani chai akina mama wanasukuma watoto nyuma yao. Niliogopa sana watatuchomea nyumba.

Kwetu, anayesemekana ana jicho huitwa atemee mate kile alichoangalia, ndio kipone. Sasa ndama wa jirani akalala chini, akakataa maziwa. Jirani akaja, macho mekundu kwa kulia.

"Kogo, kuja umtemee. Si ni mate tu?"

"Nikitema nimekubali," Kogo akasema. "Na sijafanya kitu."

"Na akikufa?"

Kogo akainuka. Nilishika sketi yake nikiomba asiende. Lakini huyo alikuwa mtu wa ng'ombe, hangeweza kuacha ndama ateseke. Akaenda, akainama, akamtemea mate kidogo kwa paji la uso.

Jioni ndama akasimama, akanyonya. Nilirukaruka kwa furaha, mjinga mimi! Kumbe sasa walikuwa na ushahidi. Angekufa, ni yeye. Amepona, pia ni yeye. Mzee wa kanisa akaja kumwambia apumzike nyumbani kwanza. Kogo hakukanyaga kanisa tena, na siku ya kumzika tulikuwa sisi wa nyumbani peke yetu.

Siku hizi nyumba yake haipo, vibuyu havipo, ni majani chai tu mpaka barabarani. Baada ya ibada nilisimama pale nikitamani hata ule moshi. Akapita binti wa yule jirani, amebeba mtoto, mnono kweli, anacheka. Tukasalimiana vizuri tu. Halafu akavuta leso, akamfunika mtoto uso.

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikageuza macho haraka, nisije nikamdhuru.