Sahihi Iliyonitoa Kindu

Upumbavu ni wangu: niliamini faili yangu ya mipangilio ya barua pepe, katika kompyuta ya ofisi, ni siri kama mufuko wa suruali. Mukubwa wetu wa Bukavu alitaka kunihamishia mbali huko Obokote, mimi nisiyependa hata kuvuka mto. Kwa hasira nikaandika humo, mahali pa sahihi: "Mukubwa ni mbuzi mwenye kravati shingoni." Halafu nikamwandikia kwa heshima, nikimuomba anibakize Kindu. Kompyuta ikabandika ile sahihi chini ya barua bila kunionyesha.

Jibu lilikuja: "Obokote, kesho. Mimi, Mbuzi."

Nyumbani nikailaani kompyuta mpaka jirani yangu Mama Zaina akachoka. "Papa Asani, matusi ni yako, kidole ni chako. Funga mizigo, na kitanda chako utuachie."