Kanda ya Gitau

Kabla ya muziki kulikuwa na kikohozi. Mtu alikohoa mara mbili, glasi zikagongana, kiti kikaburutwa sakafuni, kisha sauti changamfu ya kijana ikauliza kama watu wa nyuma wanamsikia, nao wakaitikia kwa kelele. Nilikuwa msichana wa miaka minane. Tuliishi mtaa wa Aziziya, Jeddah, ambako Baba alikuwa karani bandarini, na onyesho pekee la muziki nililolijua lilitoka ndani ya redio ya kaseti iliyokaa juu ya friji. Kila Ijumaa mchana chumba kilinukia chapati na ndengu, kiyoyozi kikinguruma, madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa ili majirani wasisikie muziki, ambao siku hizo haukuvumiliwa huko. Wageni walikuwa Wakenya watatu wanne, na hakukosekana Anko Kamau, dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Hamra, ambaye hata hakungoja kumaliza kula. "Yalla, weka shoo," alikuwa akimwambia Baba, "bosi ananitaka saa kumi." Makofi yalipopigwa kwenye kanda, naye alipiga.

Kijana yule alikuwa Gitau, mdogo wake Baba. Walikuwa na bendi iliyopiga hotelini Nakuru, kantri iliyochanganywa na roki, Gitau akiimba na Baba akipiga piano ya bugi, ile ambayo mkono wa kushoto hutembea tu bila kuchoka huku wa kulia ukifanya utundu. Jumamosi moja mtu aliwarekodi. Mwaka uliofuata Gitau alifariki katika ajali ya barabarani, Baba akaacha piano na kutafuta kazi ng'ambo. Sauti ya Gitau haikubaki popote pengine. Na kabla ya wimbo wa kwanza kulikuwa na utani mrefu wa kumtambulisha kaka yake kwa watu, utani ambao wageni wetu waliucheka kila Ijumaa kana kwamba ni mpya. Baba hakucheka. Alitazama chini akitabasamu, na mimi nilipenda kumtazama wakati huo kuliko wakati mwingine wowote.

Wakati wa kusafiri Baba alihofia kwamba kanda ya muziki ingemletea maswali uwanja wa ndege, kwa hiyo aliiandika ubavuni "Salamu za nyumbani". Haikuwa ajabu. Siku hizo barua zetu zilikuwa za sauti. Tulizungumza ndani ya kaseti, mtu anayekwenda likizo akaibeba, na baada ya miezi akarudi na nyingine kutoka kwa nyanya yangu, tuliyemwita shosho. Tukishaisikiliza barua yake hadi tukaichoka, tulirekodi yetu juu yake na kumrudishia. Hivyo ndani ya kopo la biskuti palikuwa na kanda mbili, zote zimeandikwa "Salamu za nyumbani" kwa mwandiko uleule wa Baba.

Anko Kamau alipopata likizo, alipitia kwetu kuchukua barua ya shosho. Baba alikuwa kazini. Mama alikuwa jikoni akimfungia tende, akaniambia nirekodi salamu zangu haraka kwani mgeni ana safari. Nilikuwa mtoto wa maneno mengi na sikuhitaji kuombwa mara mbili. Nilichukua kanda iliyokuwa juu, sikuijaribu, nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi na kuanza. Nilimsalimia shosho, nikamsalimia ng'ombe wake kwa jina, nikahesabu kwa Kiarabu hadi ishirini, nikasoma shairi la shule, nikarudia pale nilipokosea. Kisha nikamuaga na kumkabidhi Anko Kamau kanda nikiwa nimejaa fahari.

Ijumaa iliyofuata Baba alibonyeza kitufe, na badala ya kikohozi tukamsikia shosho akiuliza kama Jeddah mvua imenyesha. Wageni walicheka. Baba aliizima redio, akafungua kopo, akalikuta tupu. Aliniuliza taratibu kama ile nyingine ndiyo niliyompa Kamau, nami nikajibu ndiyo, na kwamba nilikuwa nimeongea sana. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alikunja mikono ya shati akaenda kuosha vyombo, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Wageni waliaga mapema. Nililia hadi nikapata homa.

Anko Kamau alirudi baada ya miezi miwili na jibu la shosho kwenye kanda mpya. Shosho, mtu wa kanisa, hakuwahi kukubali kwenda hotelini kumsikiliza mwanawe, na tangu mazishi hakuwa ameisikia sauti yake. Alizungumza Kikuyu, polepole. "Mtoto aliponiaga," alisema, "Gitau akaanza kuimba. Hiyo kanda siirudishi." Baba aliomba nakala mara kadhaa, lakini shosho hakukubali itoke nje ya mlango wake. Aliisikiliza miaka na miaka, na alipofariki utepe ulikuwa umechakaa kiasi cha kutoa mvumo tu.

Sasa ninafanya kazi Riyadh, na muziki hauhitaji tena mapazia. Msimu wa baridi uliopita nilikwenda na wenzangu kwenye onyesho la wazi, bendi ya mtindo uleule, na mpiga piano alipoanza kutembeza mkono wa kushoto sote tuliinua simu. Nina rekodi hiyo na nyingine nyingi, zimehifadhiwa mahali ambapo hata mtoto mwenye maneno mengi hawezi kuzifuta, na hakuna hata moja niliyoisikiliza mara mbili. Sisemi zamani ilikuwa bora. Kujificha kulituchosha, na nisingependa wanangu wakuzwe hivyo.

Nilimtumia Baba rekodi ile. Yuko Nakuru, amezeeka, na alipopiga simu aliusifu mkono wa mpiga piano. Nikajikaza nikauliza jambo nililoliogopa kwa miaka thelathini: Gitau alisema nini hasa alipokutambulisha? Mimi utani ule umenitoka wote, nakumbuka vicheko tu. Nilikuwa nimeshika kalamu. 

"Sikumbuki, mama," Baba akaniambia. "Kila nikijaribu kumsikia pale mwanzo, nakusikia wewe ukimsalimia shosho."